Koo Safi Si Ushahidi wa Moyo Safi

Miongoni mwa waandishi wa riwaya za fantasia, yaani hadithi zinazojengwa juu ya ulimwengu wa kubuni wenye nguvu zisizo za kawaida, na miongoni mwa wabunifu wa michezo ya kompyuta na ya mezani iliyozaliwa na hadithi hizo, imeenea rai moja inayorudiwa bila kudaiwa uthibitisho: kwamba uchawi ukijengwa juu ya muziki, basi sharti uitii hali ya kimaadili ya mwimbaji. Kwa mujibu wa rai hiyo, mwenye moyo safi hutoa sauti zinazopatana, na sauti zinazopatana ndizo zinazoponya wagonjwa, kufungua milango na kufukuza giza. Mwovu hutoa sauti zinazogongana, na sauti hizo ama hazina nguvu yoyote au zina nguvu ya kubomoa tu. Rai hiyo ina makosa katika historia inayojidai nayo, katika elimu ya sauti, katika ufahamu wake wa maadili na katika sanaa ya usimulizi, na gharama yake hulipwa na watu ambao haiwataji.

Ni haki kwanza ielezwe jinsi watetezi wake wanavyoieleza, kwa kuwa hawakuiokota njiani. Mfumo wa uchawi, kama istilahi hii inavyotumika hapa, ni jumla ya kanuni ambazo mwandishi hujiwekea ili kuamua nani anaweza kutenda yasiyo ya kawaida, kwa nyenzo gani na kwa gharama ipi, liwe tendo lenyewe ni la kuponya au la kudhuru. Watetezi wanasema kwamba mfumo usio na mipaka huua hadithi, na katika hili wanamtegemea mwandishi wa Marekani Brandon Sanderson, ambaye mwaka 2007 alitoa kanuni yake ya kwanza kuwa mwandishi anaweza kutatua mgogoro kwa uchawi kwa kadiri tu msomaji anavyouelewa uchawi huo, na baadaye akaongeza kuwa mipaka ya uchawi ina uzito kuliko nguvu zake. Maadili, wanasema, ni mpaka ulio bora kuliko yote, kwa sababu unamzuia shujaa asigeuke dhalimu na unamfunza kijana anayesoma. Wanaongeza hoja ya ukale: wanafalsafa wa Ugiriki waliona muziki na wema kuwa mambo ya mpangilio mmoja, na Boethius, aliyeuawa yapata mwaka 524, aligawa muziki katika sehemu tatu, yaani muziki wa ulimwengu, muziki wa mwili na roho ya binadamu, na muziki wa ala, akaona uwiano uleule ukizitawala zote. Ikiwa nyota, roho na nyuzi za kinubi zinatii hesabu moja, wanauliza, ni ajabu gani roho iliyopinda ikishindwa kutoa sauti iliyonyooka?

Hivyo ndivyo hoja ilivyo katika hali yake ya nguvu kabisa, na ni katika hali hiyo inapaswa kuvunjwa.

1. Ukale unaotajwa unashuhudia kinyume

Plato ndiye shahidi anayeitwa mara nyingi zaidi, na ushahidi wake husomwa nusu. Katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, Socrates anaondoa katika mji wake bora mitindo ya muziki inayofaa maombolezo, anaondoa na ile ya Kiionia na ya Kilidia kwa kuwa inalegeza watu na kwenda na ulevi, kisha anabakiza mtindo wa Kidoria na wa Kifrigia kwa ajili ya askari na mtu mwenye kiasi. Kinubi kinaruhusiwa, zumari linakatazwa. Sheria kali namna hiyo ina maana pale tu inapokubaliwa kwamba wimbo mbaya kimaadili unafanya kazi, tena unafanya kazi vizuri, ukitoka kwa mpigaji yeyote na kumwingia msikilizaji yeyote. Kama muziki ungekuwa na nguvu mikononi mwa watu wema peke yao, mji wa Plato usingehitaji mlinzi wala katazo, na kurasa hizo zote zingekuwa kazi bure. Mwanafalsafa aliuogopa muziki kwa sababu alijua kwamba hauulizi unapigwa na nani.

Shahidi wa pili, ingawa si wa kale, ni J. R. R. Tolkien, ambaye kitabu chake The Silmarillion, kilichochapishwa mwaka 1977, miaka minne baada ya kifo chake, kinaanza na simulizi ya ulimwengu unaotungwa kwa muziki wa viumbe wa kiroho wanaoitwa Ainur, na ya mmoja wao, Melkor, anayeingiza katika muziki huo sauti za ukaidi wake. Wengi huchukua kutoka hapo fundisho kwamba mgongano wa sauti ndio uovu na upatanifu ndio wema, na hawaendi mbele zaidi. Lakini simulizi hiyohiyo inasema wazi kwamba Melkor alijaliwa nguvu na maarifa kuliko wenzake wote, na kuasi kwake hakumnyang'anyi uwezo wa kuimba. Na dhamira ya muziki inayokuja kumshinda inapata uzuri wake hasa kutokana na huzuni, tena inazitwaa noti zake zenye kishindo na kuzisuka ndani yake badala ya kuzifuta.

Jambo zito zaidi liko mbele katika kitabu hicho, ambako Finrod, mfalme mwema wa jamii ya viumbe wasiokufa, anashindana kwa nyimbo na Sauron, mtumishi mkuu wa uovu. Hakuna anayeweza kudai kwamba Finrod alikuwa na moyo mchafu, kwa kuwa yuko hapo kwa ajili ya kutimiza kiapo cha shukrani ambacho kitamgharimu maisha. Naye anashindwa. Wimbo wake, ukiwa umejaa kumbukumbu za nyumbani kwao ng'ambo ya bahari, unaifikia bandari ambako jamaa zake waliwaua ndugu zao ili kupora merikebu, na ingawa mikono ya Finrod mwenyewe haikumwaga damu hiyo, kumbukumbu inamvunja ndani ya wimbo wake na Sauron anashinda. Maadili yamo katika pambano hilo, tena kwa kina kisichoonekana katika riwaya mia za koo safi. Ila hayakai mlangoni yakikagua nani anaruhusiwa kuimba. Yanakaa ndani ya wimbo, katika yale ambayo mwimbaji analazimika kuyakumbuka akiimba.

Kalevala, utenzi wa Wafini uliokusanywa na kupangwa na Elias Lönnrot na kutolewa mwaka 1835, kisha ukapanuliwa mwaka 1849, unakwenda mbali zaidi. Väinämöinen, mzee mwenye hekima, anakutana njiani na kijana mwenye majivuno aitwaye Joukahainen, na ugomvi wa kupishana unageuka shindano la nyimbo ambamo mzee anamwimba kijana hadi anazama kinamasini. Mzee hashindi kwa utakatifu, kwani anaimba akiwa na hasira. Anashinda kwa sababu anajua asili za mambo kuliko mwenzake. Kijana, ili aokolewe, anamwahidi mzee dada yake Aino awe mke, na Aino, ambaye hakuimba neno lolote katika shindano hilo na hakuulizwa, anaikataa ndoa hiyo na kufia majini. Hapo ndipo penye swali la maadili katika uchawi wa muziki, na rai inayopingwa hapa haina hata nafasi ya kuliuliza, kwa kuwa ikishathibitisha kwamba mshindi ni mwema inaona kazi imekwisha.

2. Sauti safi haipo

Rai hiyo inadhani kwamba upatanifu wa sauti ni hali kamili iliyopo tayari katika maumbile, ambayo mwema huifikia na mwovu huikosa. Elimu ya sauti inakanusha dhana hiyo kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya. Tangu enzi za wafuasi wa Pythagoras ilijulikana kwamba uzi ukigawanywa kwa uwiano wa 2 kwa 1 hutoa oktava, yaani noti ileile kwa kimo cha juu zaidi, na ukigawanywa kwa uwiano wa 3 kwa 2 hutoa nafasi ya tano, ambayo masikio ya watu wengi huiona tamu kuliko zote baada ya oktava. Ingetarajiwa kwamba mtu akipanda kwa nafasi za tano mara 12 atafika pale anapofika aliyepanda kwa oktava mara 7, kwa kuwa juu ya kinanda njia hizo mbili huishia kwenye noti moja. Haziishii pamoja. Njia ya kwanza inazidisha mtetemo wa mwanzo kwa 129.75 na ya pili kwa 128, na tofauti hiyo, ambayo ni karibu robo ya hatua ndogo kabisa ya kinanda, haiondoki kwa ustadi wala kwa sala.

Kwa karne nyingi mafundi wa kutia ala sauti barani Ulaya walikuwa na kazi moja kubwa: kuamua kosa hilo liwekwe wapi. Katika mfumo mmoja uliotumika sana, nafasi nyingi zilifanywa tamu na karibu kosa lote likasukumiwa katika nafasi moja ambayo watunzi waliikwepa, nao waliiita mbwa mwitu kwa jinsi ilivyolia. Katika mfumo unaotawala vinanda vya leo kosa limegawanywa sawasawa, hivyo kwamba hakuna nafasi inayolia vibaya na hakuna iliyo safi kabisa isipokuwa oktava. Upatanifu wa ala kama hizo, usikike kanisani, redioni au ukumbini, ni matokeo ya uamuzi juu ya nani abebe upungufu usioepukika. Mwandishi anayetaka kuunganisha muziki na maadili alikuwa na jambo hili mkononi mwake, jambo la kweli, gumu na lenye uchungu, naye akaliacha ili asimulie habari za sauti safi ambayo haipatikani katika nafasi zote za kinanda chochote kilichotengenezwa na binadamu.

Hata pale sauti zinapopatana, si jamii zote zinazotamani mlio wa aina moja. Washona wa Zimbabwe hufunga magamba ya konokono au vifuniko vya chupa katika mbira ili kila noti ifuatwe na mvumo wa kukwaruza, na ala hiyo ndiyo inayopigwa katika bira, sherehe ya kuwaita mizimu wa ukoo. Mvumo ambao sikio lililofunzwa kwingine lingeuita uchafu ni sehemu ya ukamilifu wa mlio. Katika taarabu ya Unguja, udi na fidla hupita katika maqamu, yaani mipangilio ya noti iliyotoka nchi za Kiarabu, ambayo baadhi yake, kama Rasti na Bayati, ina noti zinazoangukia katikati ya vibonye viwili vya kinanda. Kinanda hakiwezi kuzipata. Kwa kipimo cha riwaya zinazozungumziwa, mpigaji stadi wa udi angehukumiwa kuwa na dosari ya roho kwa sababu ya noti ambazo hadhira yake inamshangilia kwazo.

Katika idadi kubwa ya visa vilivyojengwa juu ya rai hii, kwaya za upande wa nuru huimba kwa sauti nne zilizopangwa kama tenzi za Kanisa la Ulaya, na majeshi ya giza hupiga ngoma nzito, pembe na vitu vinavyokwaruza. Mwandishi anaweza kuwa hakukusudia lolote, lakini picha hiyo ina historia yake. Wamisionari wengi waliofika Afrika katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 waliwakataza waumini wao ngoma kwa kuwa waliusikia mdundo wenyewe kama ushetani, kabla ya kuuliza unasema nini na unaandamana na tendo gani. Kijana wa Kiafrika anayesoma riwaya ambamo mlio wa ngoma ndio dalili ya kwanza ya uovu anapewa hukumu hiyohiyo, safari hii kwa jina la burudani.

Fasihi ya Kiswahili ilikuwa na jibu mapema. Katika simulizi za Fumo Liyongo, ambazo Muhammad Kijumwa wa Lamu alizitungia utenzi mwaka 1913, shujaa aliyefungwa Pate anatuma kwa mama yake wimbo wa mafumbo kupitia kijakazi Saada, mama anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa ambao walinzi hawatautamani, na usiku wa ngoma ya gungu unapowadia, makelele ya ala na vitikio vya watu yanaufunika mlio wa tupa inayokata pingu. Ukombozi wa Liyongo unategemea wimbo unaoficha, kelele zinazofunika na walinzi wanaodanganywa. Hakuna sauti safi hata moja katika kazi hiyo, na hakuna msomaji aliyewahi kuisoma akatamani pingu zisikatike.

3. Wema unaolipwa papo hapo

Kosa la tatu ni la kimaadili. Uchawi unapotolewa kama malipo ya wema, wema hupata bei, na kitu chenye bei hununuliwa. Mfano ulio wazi ni mchezo wa kompyuta Ultima IV, uliobuniwa na Richard Garriott na kutolewa mwaka 1985, ambao ulikuwa na nia ya heshima: badala ya kumuua jitu mwovu, mchezaji alitakiwa kukua katika fadhila nane, kila fadhila ikiwa na hekalu lake na neno lake la kutamkwa katika tafakuri, na programu ikihesabu kwa siri matendo yake. Wachezaji waligundua hesabu hiyo upesi. Kwa kuwa kila sadaka kwa ombaomba iliongeza huruma, njia ya haraka ilikuwa kusimama mbele ya ombaomba mmoja na kumpa sarafu moja, kisha nyingine moja, kisha nyingine, hadi huruma ikamilike. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanautii mfumo kama ulivyowafundisha, na mfumo uliwafundisha kwamba ombaomba ni chombo cha kupandia ngazi.

Mwimbaji ambaye uwezo wake unategemea usafi wa moyo wake yuko katika hali hiyohiyo, hata asipokuwa na programu ya kumhesabia. Kila tendo lake jema linalinda silaha yake. Hawezi kusamehe bila kupata faida, wala kutoa bila kuwekeza, na msomaji hana njia ya kujua kama alimhurumia adui kwa sababu ya huruma au kwa sababu kesho atahitaji kuimba. Wema unajulikana kuwa wema pale unapomgharimu mtu na hakuna ahadi ya kurudishiwa. Kanuni hii imeufuta uwezekano huo kabla ya ukurasa wa kwanza.

Tena kanuni hii inashindwa hata kwa kipimo cha Sanderson kinachoitwa kuitetea, kwa sababu mpaka unaofaa ni ule unaoeleweka, na hakuna anayeweza kueleza kwa hakika ni kiasi gani cha uongo, hasira au woga kinatosha kumnyamazisha mwimbaji. Wachezaji wa mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons walijifunza hilo kwa ugomvi mrefu. Sheria zilizochapishwa mwaka 1978 zilimtaka paladini, yaani shujaa mtakatifu wa mchezo huo, awe mwema na mtii wa sheria daima, na zilimvua hadhi na nguvu zake moja kwa moja akitenda uovu kwa makusudi. Meza baada ya meza ikageuka mahakama ya kubishania kama kumwua mateka, au kumdanganya mlinzi ili kuokoa mtoto, kulikuwa uovu. Mwamuzi wa mwisho alikuwa yule anayeongoza mchezo, ambaye kwa vitendo aliamua kwa hisia zake. Matoleo ya baadaye yaliliondoa sharti hilo. Katika riwaya mwamuzi ni mwandishi, naye anaposema kwamba sauti ya shujaa imekauka kwa sababu alitenda dhambi sura iliyopita, anakuwa amezima na kuwasha uchawi kwa matakwa yake na kuyaita matakwa hayo maadili.

4. Waimbaji ambao dunia imewajua

Carlo Gesualdo, mtawala wa Venosa, alimuua mkewe Maria d'Avalos pamoja na mpenzi wa mkewe huyo mjini Naples mwaka 1590, na cheo chake kilimwepusha na adhabu. Kisha akatunga madrigali, yaani nyimbo za sauti kadhaa zisizo na ala, ambazo vitabu vyake viwili vya mwisho, vilivyotolewa mwaka 1611, bado vinaimbwa na kuchunguzwa kwa ujasiri wa mapatano yake ya sauti. Mkono ulioua ndio ulioandika, na muziki haukukataa.

Kinyume chake kipo pia, na ni kizito zaidi. Katika kambi ya Auschwitz-Birkenau, Wanazi waliunda okestra ya wanawake wafungwa, ambayo kuanzia mwaka 1943 iliongozwa na mpiga fidla Alma Rosé, mpwa wa mtunzi Gustav Mahler, hadi alipofariki kambini humo mwaka 1944. Wanawake hao walipiga muziki langoni wakati makundi ya wafungwa yakitoka kwenda kazini na yakirudi, na kupiga vizuri kuliwaongezea siku za kuishi. Hawakuwa waovu hata chembe. Walikuwa watu walioonewa kupita kiasi cha maneno. Lakini muziki wao ulitumika kuendesha mtambo wa mauaji kwa utaratibu, na wauaji, ambao baadhi yao walipenda muziki kwa dhati, waliusikiliza kwa raha. Mfumo unaosema kwamba sauti nzuri hutumikia wema hauna cha kuwaambia wanawake hao isipokuwa tusi.

Afrika Mashariki na Kati haina haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Simon Bikindi alikuwa miongoni mwa watunzi na waimbaji mashuhuri wa Rwanda, kiongozi wa kundi la ngoma lililoitwa Irindiro, na nyimbo zake zilipendwa kwa ustadi wake wa kuchanganya mila za uimbaji wa nchi hiyo. Redio RTLM ilizitumia nyimbo hizo katika propaganda yake mwaka 1994, wakati Watutsi walipokuwa wakiuawa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani mwezi Desemba 2008 kwa uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani wa mauaji ya kimbari, ikamhukumu kifungo cha miaka 15. Msingi wa hatia ulikuwa maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani mwishoni mwa Juni 1994. Kwa nyimbo zenyewe majaji hawakumtia hatiani, ingawa waliona kwamba zilitumika kueneza chuki ya kikabila. Katika kesi hiyo yamo maswali yote ambayo mwandishi wa fantasia ya muziki angepaswa kuyakabili: wajibu wa mtunzi kwa wimbo uliotoka mikononi mwake, mpaka kati ya wimbo na amri, uzuri unaomfanya msikilizaji alegeze ulinzi wake, na ugumu wa kuthibitisha mbele ya sheria kile ambacho kila aliyekuwapo alikihisi. Wanasheria waliyahangaikia maswali hayo kwa miaka. Riwaya inayodai kwamba mwenye chuki hawezi kuimba vizuri inamwambia msomaji wa Kigali, Bujumbura au Goma jambo analojua kuwa si kweli, na inamwondolea tahadhari anayoihitaji zaidi, ile ya kuuliza wimbo mtamu unamtaka afanye nini.

5. Msikilizaji aliyesahauliwa

Rai hii, hata inapotetewa na watu makini, humtazama mwimbaji peke yake, ilhali muziki hauna nguvu yoyote mpaka ufike katika sikio la mtu mwingine. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliona hili katika sehemu ya Ihyaa Ulum al-Din inayojadili usikilizaji wa nyimbo, alipofundisha kwamba muziki hauingizi moyoni kisichokuwamo bali hukiamsha kilichomo, na kwa hiyo hukumu yake hubadilika kwa wakati, mahali, wenzi na hali ya msikilizaji. C. S. Lewis, katika kitabu cha watoto cha mwaka 1955, The Magician's Nephew, alimfanya simba Aslan aimbe ulimwengu mpya uzaliwe mbele ya wasikilizaji kadhaa: mzee mchoyo hasikii ila ngurumo, kwa kuwa ameamua kutosikia zaidi, na malkia mchawi Jadis, aliye mwovu kuliko wote waliopo, anauelewa wimbo huo kuliko wote na kwa sababu hiyohiyo anauchukia. Hicho ni kitabu cha watoto, na watoto wamekielewa bila taabu. Hoja kwamba msomaji kijana anahitaji mgawanyo rahisi wa koo safi na koo chafu haina msingi.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mila inayoonyesha jinsi mfumo wa namna nyingine unavyoweza kufanya kazi. Katika ngoma za pepo, kila kabila la pepo lina midundo yake, nyimbo zake na madai yake, na mganga hajithibitishi kwa utakatifu wake; anajua ni wimbo gani unamwita nani, na pepo akishapanda kichwani mwa mgonjwa mazungumzo yanaanza juu ya anachotaka na atakachokubali kuacha. Muziki humo unafungua baraza la mapatano, na maadili yanaonekana katika namna mapatano yanavyofikiwa na katika kama yanatimizwa. Mwandishi anayetafuta mipaka ya uchawi angepata hapo mipaka mingi, yote ikieleweka: wimbo wa mwingine hauiti mgeni huyu, ahadi iliyovunjwa hurudi kudaiwa, na mgonjwa hubaki na deni analolijua yeye na jamaa zake.

Hata Shaaban Robert, ambaye hakuna atakayemtuhumu kwa kupuuza maadili, hakumlipa mtu mwema kwa nguvu za uchawi. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, nguvu ziko kwa Huria, mtoto wa mfalme wa majini, ambaye anawageuza nyani ndugu wawili wenye husuda na wivu. Adili, aliyekosewa, anachopata ni wajibu wa kuwachapa ndugu zake kila usiku huku akiwapenda na kuwahurumia. Wema wake haumpi uwezo wa kuuondoa uchawi huo. Unampa uchungu wa kuutii, na ni uchungu huo unaomfanya msomaji aendelee kusoma hadi mwisho ili ajue kama adhabu ya haki inaweza kufikia kikomo.

Basi mwandishi wa Kiswahili anayeandaa ulimwengu wa kubuni wenye uchawi wa muziki anaombwa aiondoe kanuni ya moyo safi kabla hajaandika sura ya kwanza. Uwezo autoe kwa yeyote aliyejifunza, kwa gharama inayojulikana. Aamue ni nani katika ulimwengu wake anabeba kosa ambalo hakuna fundi anayeweza kuliondoa. Ahakikishe kila wimbo wenye nguvu una msikilizaji mwenye jina, ambaye ama aliridhia au hakuulizwa. Kisha ampe mwovu sauti nzuri kuliko zote katika kitabu, na amwache msomaji aisikie yote.